Fundi wa Miti Hupimwa Kabla Hajapanda

Nyumba tuliyonunua Kigamboni ilikuja na miti yake. Nyuma kulikuwa na mwembe dodo ambao matawi yake yalifika juu ya bati la jikoni. Mbele, karibu na geti, palikuwa na mkungu. Upande wa uzio unaotazama bahari ilisimama minazi mitatu mirefu, na kando ya shimo la maji taka miarobaini miwili iliyojiotea yenyewe na kuachwa ikue. Siku ya makabidhiano tulikagua hati, tukapima mipaka mbele ya mjumbe na majirani, tukaonyeshwa mita ya maji. Kuhusu miti, muuzaji alisifu kivuli na mazungumzo yakaishia hapo. Ndivyo yanavyokwenda mauzo mengi ya nyumba hapa Dar es Salaam, na kwangu hiyo ni kasoro, kwa sababu mti mkubwa ulio hatua chache kutoka ukutani una uzito wa tani kadhaa, unapokea upepo, unazeeka, na siku ukianguka huangukia mali ya mtu au mtu mwenyewe.

Mkungu wa getini ndio ulionifundisha mengi. Anayeujua mkungu ulioachwa ukue kwa tabia yake anajua unavyopanga matawi yake kwa matabaka, na kati ya tabaka na tabaka pana nafasi ambamo upepo hupita. Wetu haukuwa hivyo. Miaka kadhaa kabla hatujafika, mtu alilipwa aupunguze ili usifikie nyaya za umeme, naye akalikata shina lenyewe kwa juu, likabaki gogo lililosimama. Kutoka kwenye ukingo wa gogo lile yalichipua machipukizi mengi yaliyonyooka, yakashindana kutafuta jua, na katika misimu michache yakawa yamefika tena palepale penye nyaya. Mpita njia angeuona mti uliostawi. Masika moja, usiku wa mvua na upepo, mojawapo ya machipukizi hayo, ambalo kwa wakati huo lilikuwa nene kuliko paja la mtu mzima, lilichanika na kuangukia ukuta wa jirani. Ukuta tukaujenga upya kwa gharama zetu, na jirani, Mungu ambariki, hakutusema vibaya.

Nilipokwenda kulitazama lile chipukizi lililolala chini, niliona kwamba mahali liliposhikana na shina palikuwa na ngozi nyembamba tu ya mbao nzima, na nyuma yake kahawia laini iliyokuwa ikibomoka kwa kidole. Baadaye nilielewa sababu yake. Tawi la kawaida huanza pamoja na shina, na mwaka baada ya mwaka mbao za shina na mbao za tawi hujengeka zikifumana, hata chanzo cha tawi kikazama ndani kabisa ya mti. Chipukizi linalotoka baada ya kilele kukatwa huanzia kwenye macho yaliyolala chini ya gome, kwa hiyo limeshika tabaka la nje peke yake, huku katikati jeraha bapa lililoachwa wazi likipokea mvua na vimelea vya kuoza. Chipukizi linanenepa, mbao lilizosimamia zinadhoofika, na mambo hayo mawili yanakwenda pamoja hadi siku yanapokutana. Ndiyo maana naomba kila mwenye nyumba alifikirie mara mbili lile agizo tulilolizoea, la kumwambia kijana apande na kukata juu ili mti upungue. Urefu wa mti mzima, wenye mizizi mizima, si hatari kwa wenyewe. Hatari kubwa zaidi mara nyingi hutengenezwa na mtu aliyeogopa urefu huo.

Wanaofanya kazi ya miti katika jiji letu ni wa aina nyingi. Wapo vijana wenye panga na shoka wanaopita mitaani wakiuliza kama kuna mti wa kukata. Wapo wenye msumeno wa mnyororo, ambao kipato chao hasa kiko kwenye magogo na kuni. Wapo wakwezi, ambao ni watu wa minazi. Zipo kampuni za bustani na usafi zinazokubali kazi ya miti kama nyongeza, na wapo watu wa shirika la umeme, TANESCO, wanaosafisha njia za nyaya, ambao jukumu lao ni waya na hawakutumwa kuangalia afya ya mti. Kila mmoja anauona mti kwa jicho la kazi yake, wala simlaumu. Lakini mwenye nyumba anapaswa kujua jicho hilo linatazama wapi kabla ya kufungua geti.

Mfano ulio karibu zaidi ni yale mapatano yanayoonekana kuwa nafuu, ya kukatiwa mti bila malipo ili mkataji achukue kuni. Nimeona yakifanyika kwa majirani na nimeona matokeo yake. Mtu ambaye ujira wake ni kuni anapata zaidi akikata zaidi, na tawi nene lililo karibu na shina, ambalo mti unalihitaji kuliko yote, ndilo lenye kuni nyingi. Matawi membamba ya nje, ambayo mara nyingi ndiyo yangestahili kupunguzwa, kwake ni takataka za kusomba. Sisi tuliamua tangu mwanzo kwamba kazi ina bei yake na kuni zina bei yake, na kwamba mambo hayo mawili hayazungumzwi siku moja.

Ilipofika zamu ya mwembe, tulialika watu watatu waje kuutazama kwa nyakati tofauti. Wa kwanza alisimama getini, akatazama juu, akataja bei. Wa pili alifika hadi kwenye mti, na swali lake la kwanza lilikuwa magogo yatabaki kwa nani. Wa tatu alikuwa mtu wa makamo aliyeletwa na rafiki wa mume wangu. Alisalimia, akaomba maji ya kunywa, kisha akauzunguka mwembe polepole bila kusema neno. Aligonga shina kwa mpini wa panga katika sehemu mbalimbali akisikiliza mlio. Alichutama akafukua udongo kwa vidole pale shina linapoingia ardhini, akatafuta kama kuna uyoga mgumu uliojishika kwenye gome au njia za mchwa. Alitazama panda ambapo shina linagawanyika, akaniuliza maembe yalivunwa lini. Kisha akaketi juu ya ndoo.

“Mama, unachoogopa ni nini hasa?”

Nikamwambia ni lile tawi lililo juu ya jiko, linalokwaruza bati kila upepo ukivuma.

“Basi tuzungumze habari za tawi lile. Haya mengine hayajakukosea.”

Mume wangu, aliyekuwa na kumbukumbu ya ukuta wa jirani, akauliza kama haingekuwa salama zaidi kupunguza na urefu wa mti. Fundi akatikisa kichwa. “Kilele sikati, mzee. Kama mnataka kikatwe, mtafute mwingine, na mimi sitakasirika.” Bei yake ilikuwa karibu mara mbili ya bei ya yule wa kwanza, na tulimpa kazi yeye.

Nimeisimulia habari hiyo kwa watu wengi, kwa sababu ndani yake ndimo ilimo njia ninayoijua ya kumtambua mtu wa miti. Ukimwajiri unanunua uamuzi wake kuliko nguvu za mkono wake. Nguvu za kukata wanazo wengi. Mwambie akuonyeshe kwa kidole mahali atakapoweka msumeno na akueleze kwa nini hapo. Muulize ataliteremshaje tawi lililo juu ya paa. Muulize atakaloacha. Anayejibu kila kitu kwa kusema “usijali, hiyo kazi ndogo” hajajibu. Na anayekataa sehemu ya kazi unayompa, akakueleza sababu, msikilize vizuri, kwani amekubali kupoteza fedha yako ili mti usiharibike.

Mengine tuliyaandika kwenye karatasi mbele ya mjumbe: matawi gani yatakatwa, nani atasomba majani na vijiti, malipo ya kianzio ni kiasi gani na ya mwisho yatatolewa lini, na nani atalipa bati likitoboka. Kuhusu ajali, ni vizuri kujua kwamba kampuni iliyosajiliwa inapaswa kuwachangia wafanyakazi wake katika Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, yaani WCF, na mwenye nyumba anaweza kuomba aonyeshwe uthibitisho. Fundi wa kujitegemea na vijana wake kwa kawaida hawana kinga hiyo. Kwa sababu hiyo sikubali mtu apande mti wangu akiwa na kandambili na bila kamba ya kujifungia, hata akiniapia kwamba amepanda tangu utotoni. Mtoto wa watu akianguka uani kwangu, hakuna karatasi itakayonifariji.

Habari ya vibali nitaisema kwa ufupi. Kabla ya kuangusha mti mzima tulikwenda ofisi ya serikali ya mtaa, na kutoka hapo tukaelekezwa kwa bwana misitu wa manispaa, kwa kuwa halmashauri zina sheria ndogo zake, na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inailinda baadhi ya miti hata ikiwa nje ya hifadhi. Kusafirisha magogo, mbao au mkaa ni jambo jingine lenye kibali chake. Ama nyaya za umeme, hapo sina mjadala na mtu yeyote. Nyaya zinazopita mitaani zinaweza kuwa za volti 230 na 400 zinazoingia majumbani, au za kilovolti 11 na 33 zilizo juu zaidi, na kwa jicho la kawaida si rahisi kuzitofautisha. Tawi bichi lina maji, na maji hupitisha umeme. Mti uliogusa au unaokaribia waya ni kazi ya TANESCO, au ni kazi inayofanywa baada ya TANESCO kuzima njia na kuthibitisha kuwa imezimwa. Machipukizi ya mkungu yaliyokaribia waya yaliondolewa hivyo, na fundi wetu akaja kuendelea baada yao.

Kazi ya mwembe ilifanyika mwishoni mwa Januari. Ukanda wa pwani miembe mingi huiva kuanzia Novemba hadi Januari, na hutoa maua katika miezi ya baridi, karibu Juni hadi Agosti. Ukipogoa mara baada ya mavuno, mti hupata mvua za masika za kuotesha majani mapya, na majani hayo huwa yamekomaa wakati wa maua unapofika. Ukipogoa Juni, umekata maua ya mwaka ule. Fundi alilijua hilo bila kitabu. Ndiyo maana aliuliza habari za mavuno kabla ya kuuliza habari za bei.

Kabla ya kupanda alikumbana na maji moto, wale siafu wekundu wa mitini wanaoshona majani kuwa viota. Kijana wake mmoja alitaka petroli. Fundi akakataa, akajipaka majivu mikononi na miguuni, akakata tu vile viota vilivyokuwa kwenye tawi la kuondolewa, na vingine akaviacha. Nilifurahi, kwa maana maji moto huwinda wadudu wanaotoboa madafu na nazi changa, huwafukuza nzi wa matunda wasitage mayai kwenye maembe, na wakulima wa minazi na mikorosho wa pwani hii wamenufaika nao kwa muda mrefu. Kunguru nao walifanya fujo. Ndege hao weusi wenye shingo ya kijivu waliletwa Unguja kutoka India katika miaka ya 1890 na sasa wamejaza Dar es Salaam nzima. Wana kiota chao kileleni na walimshambulia mpandaji asubuhi nzima.

Lile tawi la jikoni halikukatwa kwa pigo moja. Kwanza lilifungwa kamba mbili zilizopitishwa kwenye panda ya juu yake, na vijana wawili wakazishika chini, wamezizungusha kwenye shina ili uzito usiwashinde. Kisha fundi akalipunguza vipande vipande kuanzia nchani, kila kipande kikiteremshwa taratibu hadi chini. Kilipobaki kipande cha mwisho karibu na shina, alifanya jambo ambalo nililitazama kwa makini kwa sababu ndilo kiini cha kazi yote. Alikata kwanza kwa chini, umbali wa mkono mmoja kutoka shinani, akaingiza msumeno sehemu ya unene tu na kuuondoa. Halafu akakata kwa juu, mbele kidogo ya mkato ule wa chini, tawi likaanguka bila kuchuna gome la shina. Mwisho akaondoa kipande kifupi kilichobaki, akikata nje kidogo ya ule uvimbe mnene ulio mahali tawi linapotokea kwenye shina.

Uvimbe ule ni wa kuheshimiwa. Hapo ndipo mti una tishu za kuziba jeraha. Mtaalamu wa Marekani, Alex Shigo, aliyekuwa mtafiti katika Idara ya Misitu ya nchi hiyo, alipasua kwa msumeno maelfu ya miti ili kuona kinachotokea ndani yake baada ya kujeruhiwa, na alionyesha kwamba mti hauponi kwa maana ile ya ngozi ya mtu kupona. Mbao zilizoumia hubaki zimeumia. Mti hujenga kuta kuzizunguka, ukaufungia uozo mahali pamoja, kisha ukaendelea kukua kwa nje na kulifunika jeraha. Ukikata ukiingia ndani ya ule uvimbe ili pawe laini na papendeze, umeivunja kinga hiyo. Ukiacha kisiki kirefu, mti hauwezi kukifunika, nacho kinaoza na kuupeleka uozo ndani ya shina. Nafasi iliyo sahihi ni ndogo, na mtu aliyefundishwa vizuri huiona mara moja.

Kazi ilipokwisha, kijana mmoja alileta kopo la oili chafu apake kwenye jeraha, kama inavyofanywa karibu kila mahali hapa nchini. Fundi alisita, kwa sababu wateja wengi wanaitaka, hata wengine hukataa kulipa wasipoiona. Nilimwomba asipake. Utafiti wa Shigo na wengine waliomfuata haukuona kwamba rangi au lami huzuia uozo, na oili ya injini ina mabaki yenye sumu yasiyostahili kuwekwa kwenye mti wa matunda. Jeraha lililokatwa mahali pake na likaachwa likauke kwa upepo hufunikwa na mti wenyewe. Leo ukilitazama utaona duara la gome jipya limelizunguka pande zote na linazidi kuelekea katikati, na duara kamili la namna hiyo ni ushahidi kwamba mkato ulikuwa mzuri.

Kwa jumla kilichoondolewa siku hiyo kilikuwa kidogo kuliko walivyotarajia majirani: lile tawi, matawi yaliyokauka, na machache yaliyokuwa yakisuguana katikati na kuzuia hewa. Mmoja aliuliza kama ndiyo tuliyolipia fedha zote zile. Jibu langu lilikuwa ndiyo. Majani ndiyo jiko la mti, na kanuni wanayoifuata wataalamu ni kutokuondoa zaidi ya robo ya majani kwa mara moja, na kwa mti mzee hata chini ya hapo. Mwembe ukivuliwa majani ghafla, gome lililozoea kivuli hubabuka kwa jua, na nyufa zake huwa milango ya magonjwa. Kuachia hewa kupita katikati kunatosha kupunguza unyevu ambao huleta magonjwa ya chule na ubwiri unga kwenye maua na matunda.

Minazi ina sheria nyingine kabisa, na aliyenifahamisha ni mzee mmoja mkwezi. Nilipomwamkia na kumwomba asafishe vichwa vya minazi, aliniuliza kwanza kama niko tayari aache makuti mengi. Mnazi hauna matawi, wala hauna tabaka lile la kukua lililo chini ya gome la mwembe. Una moyo mmoja juu, na moyo huo ukifa, mnazi umekufa. Na kwa kuwa hauna tabaka lile la kukua, tundu lolote linalochimbwa kwenye shina halizibwi kamwe. Zile ngazi ambazo baadhi ya wapandaji huzichonga kwa panga ili kuweka mguu hubaki majeraha ya wazi kwa maisha yote ya mnazi, na minazi yetu miwili inazo kutoka zamani. Mzee alipanda kwa kamba ya miguuni, akatoa makuti yaliyokauka, makarara makavu na nazi zilizokomaa, akayaacha makuti yote mabichi, hata yale yaliyolala usawa. Kuti bichi linalisha nazi. Mnazi ulionyolewa hadi kubaki na kishungi unadhoofika.

Yule yule mzee alitukataza tusiache gogo la mnazi liozee uani, kwa kuwa chonga, mdudu yule mwenye pembe anayetoboa moyo wa mnazi, hutaga mayai kwenye mbao na mboji zinazooza. Na alitufundisha kutazama dalili za ugonjwa wa kunyong'onyea, ambao umeisumbua pwani ya Tanzania kwa miongo mingi: nazi changa kudondoka ovyo, makarara mapya kuwa meusi, makuti kuanza kuwa ya manjano kutoka chini kwenda juu. Ugonjwa huo hauna tiba ya uani, na mnazi ulioupata huondolewa. Kituo cha utafiti cha Mikocheni kimeufanyia kazi kwa miaka mingi, na mwenye shaka anaweza kuuliza huko kabla ya kukata.

Mizizi ndiyo inayosahauliwa zaidi, kwa sababu haionekani. Watu hudhani mizizi imezama kama taswira ya matawi iliyogeuzwa, ilhali sehemu kubwa ya mizizi inayolisha mti iko ndani ya sentimita 60 za juu za udongo, na huenea mbali kupita ukingo wa kivuli. Tulipotaka kuweka vitofali vya pavingi uani, fundi wa pavingi alipendekeza kukata mizizi miwili minene ya mwembe upande wa nyumba ili usawa upatikane, na kusakafia hadi kwenye shina. Tungekubali, tungekuwa tumekata nanga za mti upande uleule unaopokea upepo wa kusi, katika ardhi ya mchanga isiyoshika sana. Tuliacha duara pana la udongo mtupu kuuzunguka mwembe, tukalifunika kwa majani makavu kiasi cha unene wa vidole vinne, na kuyasogeza yasiliguse shina, maana gome lililofunikwa na unyevu huoza. Vitofali vilipinda kuifuata mizizi. Sioni kwamba uani umepoteza uzuri wowote.

Mwembe na minazi ilipitia mtihani wake Mei 2024, wakati Mamlaka ya Hali ya Hewa ilipotangaza kimbunga Hidaya kinakuja na vivuko vya kwenda Unguja vikasimamishwa. Pwani yetu haijazoea vimbunga, ingawa wazee wa Unguja walisimuliana habari za kile cha Aprili 1872 kilichoangusha sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi. Tulifanya kilichowezekana kwa haraka: tuliondoa magari chini ya mkungu, watoto wakalala chumba cha upande wa mbali na mwembe, na nilizunguka miti nikitazama kama udongo umepasuka upande mmoja wa shina au kama kuna mti ulioinama kuliko jana, kwa sababu hizo ni dalili za mizizi iliyoanza kuachia. Hidaya kilipofika Mafia tarehe 4 Mei kikapoteza nguvu, na kwetu ulikuja upepo na mvua kubwa. Mwembe haukupoteza tawi. Mkungu uliangusha chipukizi jingine, uani kwetu safari hii, na ndipo tulipokubaliana kwamba muda wake umefika.

Kuuondoa mti si jambo ninalolipenda, lakini si dhambi pia. Shina la mkungu lilikuwa na uwazi mkubwa katikati, na hakuna mkato ungeweza kulirudishia mbao zilizokwisha kuoza. Mtu mmoja alishauri tuujaze uwazi ule saruji. Desturi hiyo ilikuwepo zamani nchi nyingi na imeachwa, kwa sababu mti huyumba na saruji haiyumbi, maji yakakaa katikati yake. Ulishushwa kipande kwa kipande kuanzia juu. Mwarobaini mmoja nao tuliuondoa kwa kuwa ulikuwa unaubana ukuta wa shimo la maji taka, na huo wa pili, ulio mbali kidogo, tuliuacha.

Mahali pa mkungu tumepanda mkomamanga, ambao hautafika kwenye waya hata ukiachwa, na nyuma ya nyumba, mbali na ukuta, mzambarau mmoja. Miche ya bustanini hukaa sana kwenye viriba, mizizi ikajizungusha chini. Tulichana viriba vyote, tukainyoosha au kuikata ile iliyojiviringa, tukapanda bila kulifukia shina kupita usawa wake wa awali. Mzambarau umeanza kutoa vilele viwili vinavyolingana, ambavyo vikiachwa vitakuwa panda dhaifu baada ya miaka ishirini. Leo kimoja kinaondolewa kwa mkasi wa mkononi na jeraha lake halizidi upana wa kidole.

Jirani wa upande wa ukuta uliovunjika sasa ana mwembe wake mwenyewe unaoelemea kwetu, na tumekubaliana kuchangia gharama ili fundi aitazame miti ya viwanja vyote viwili kwa safari moja, baada ya mavuno ya Januari. Nimemwandikia fundi mambo mawili ya kuanza nayo: panda ya mwembe wetu, ambapo gome linaonekana kujikunjia ndani, na ukwaruzo ulioachwa na kamba ya kuanikia nguo, ambayo nimekwisha kuihamishia kwenye nguzo.